Toleo la Zamani

...na bado ananipaka mafuta kabla ya kupitisha chanuo, mstari kwa mstari, ili nisiumie, hata leo, hata na hasira yote hii dada Hamida hajasahau kwamba kichwa changu huuma upesi, vidole vinatafuta njia polepole huku mdomo unasema mambo ya kumtoa mtu roho, "inama, Mama Sila, nywele zako hizi ungeziuza mnadani ziwe kamba za ng'ombe," nainama, Sila amelala mapajani kwangu, ana miaka minne na dawa za kifafa bado zinamlaza mchana kama kichanga, na juu ya kichwa changu Hamida anasema Jumatatu Edina awe ametoka, chumba akiache, yeye na wanawe wawili na ndoo zake, "kwangu hakai mtu wa mdomo," na Edina yuko nyuma ya nyumba, namsikia anafua, nguo zile zile tangu asubuhi nadhani, anafua kwa sababu hajui afanye nini kingine... Posa ya Sikudhani, binti yake Hamida, ilivunjwa juzi, walikuja wazee wawili wa mposaji kutoka Chemba, wakakaa kwa adabu, wakanywa chai, wakasema tumesikia binti ana kifafa tangu utotoni, hatukuambiwa, hawakusema wamesikia wapi, Sikudhani mwenyewe tangu siku ile yuko chumbani, hali mpaka abembelezwe, na Hamida akahesabu nani anajua hapa Nkuhungu, akapata wawili, mimi na Edina, Edina aliyemkuta binti ameanguka bombani mwaka juzi, akavua kanga yake akamfunika, akawaambia waliopanga foleni kwamba ni malaria, akarudi nyumbani na gauni jepesi watu wakimtazama...

"Wewe sikufikirii," anasema Hamida, "wewe uliniambia umeyafungia," nilimwambia, ndiyo, kwa maneno haya haya, Mama Sikudhani, hapa anaona nesi peke yake, nikamwonyesha na kikufuli kidogo kilichochorwa pembeni ya skrini, akakigusa kwa kidole, akacheka... Nilikuwa nafanya usafi pale intaneti kafe, bado nafanya, Sila akaanguka chini ya meza, watu wakaruka nyuma, na Fredy, mwanafunzi wa chuo, hakuruka, aliweka sweta lake chini ya kichwa cha mtoto akakaa naye sakafuni mpaka akatulia, na mwezi ule ule akatutengenezea tovuti, Kibaraza cha Akina Mama, wenye watoto wa kifafa waulizane bila kutajana majina, nesi Dorothea awajibu, akatafsiri kila kitufe mwenyewe, andika hapa, soma majibu, barua ya faragha, akanipa mimi funguo za kukitunza, mimi wa darasa la saba, nikavimba kichwa siku nzima, na Hamida aliponisimulia ya binti yake nikamwandikia nesi, jina la binti, umri, dawa, yote kwenye barua ya faragha, nesi alihitaji kujua... "Umekaza shingo, legeza," nalegeza.

Fredy alinieleza vizuri, siwezi kusema sikuelezwa, dada, hii programu ina matundu ya kuingilia wezi, kila mara yanagunduliwa mapya, wanaoitengeneza wakitoa toleo la kuyaziba liweke siku hiyo hiyo, nikaliweka, mara moja, Machi mwaka jana, na Kiswahili chote kikafutika, kila kitufe Kiingereza, na Ruthu wa Haneti aliyekuja kwa lori la mbuzi kusoma jibu la mwanawe akasimama mbele ya kompyuta akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wametufukuza?" sikuweza kuvumilia kumwona vile, nikampigia Fredy, turudishie lile la zamani, akasema la zamani lina tundu, dada, nikasema rudisha tu mpaka upate nafasi ya kutafsiri jipya, akarudisha, ikaja mitihani, ikaja kazi Mwanza, na tangazo jekundu likitokea kila nikifungua, nami nikilifunga, miezi kumi na mmoja, na kila nikilifunga nilimwona Ruthu anasoma kwa lugha yake, nikajiona nimetenda wema... mpaka asubuhi ile nilipokuta ukurasa wa mbele mweusi, na chini yake barua zote za faragha zimemwagwa, majina, mitaa, dawa, neno langu la siri limebadilishwa, siku tatu zikakaa pale wazi kabla tovuti haijazimwa, na siku ya pili Habibu, kaka wa mposaji, ana kazi hapa mjini, akaja kafe akachapisha karatasi moja, mimi nafuta meza ya pili, nikaliona jina la Sikudhani linatoka kwenye mashine, nikaendelea kufuta.

"Nani alinichukia hivi, Mama Sila, nimemkosea nini?" na mkono umesimama kichwani kwangu... nilimuuliza Fredy hivyo hivyo kwenye simu, nani, akasema hakuna mtu anayewachukia, dada, kuna mtu huko mbali ameachia kompyuta yake itafute tovuti zote za toleo lile izivunje, hajui Kiswahili, hajui hata kama mpo, na hilo nikimwambia Hamida halitamsaidia, uchungu wake hauwezi kwenda kwa mtu asiye na sura, utamrudia Edina, Edina ana sura na yuko hapo nyuma kwenye beseni... siku zote hizi nimetayarisha maneno, programu, toleo, tundu, nimeyapanga vizuri kama Fredy, na sasa naona niliyapanga ili nijifiche ndani yake, Hamida angeyasikia, asiyaelewe, anionee huruma, na Jumatatu Edina angebeba ndoo zake... basi siyasemi hayo, nitasema ni mimi, niliambiwa pana tundu nikaacha, nikakuahidi pamefungwa, nikamwona Habibu na karatasi nikanyamaza, hayo anaelewa, Sila atakosa mtu wa kukaa naye ninapokwenda kazini, na mimi sijui nitasukwa na nani mjini hapa... "Geuka upande huu," anasema, nageuka, upande mmoja tayari, mwingine umesimama ovyo, anachota mafuta kwa kidole, ananipaka kwanza, ili nisiumie, na siwezi kungoja amalize, nikingoja amalize nitakuwa nimemwibia na msuko huu pia.