Kumhutubia Profesa

Mtihani wa leseni ya udaktari ulikuwa umemwangusha Ichha mara moja, na safari hii kuanguka kungemponza. Hospitali ya milimani iliyomwahidi kazi ilikuwa imesema wazi kwamba itamngojea kwa mtihani huu tu.

Basi akasoma kama mtu aliyepagawa. Asubuhi darasa la maandalizi, mchana video, jioni vitabu vinene alivyorudi navyo Kathmandu kutoka Bishkek, alikosomea udaktari. Kila aliyemshauri alimsikiliza. Mbinu ya leo aliikumbatia, ya jana akaitupa.

"Wewe unasoma au unahamahama?" Bijen alimwuliza siku moja wakila momo, sambusa za mvuke, mgahawani. Walisoma pamoja Bishkek, na yeye alikwisha kufaulu. "Haya, niambie. Mtoto ana homa, shingo imekakamaa. Ugonjwa gani?"

Ichha akaweka momo chini. Akaanza na chanzo, akaja kwenye dalili, akaeleza vipimo, dawa, madhara ya dawa na hatari ya kuchelewa. Watu wa meza ya pili waliacha kula, wakasikiliza.

Bijen alicheka hadi akapaliwa na pilipili. "Dada wee! Umeulizwa ugonjwa, wewe unamhutubia profesa!"

Hapo Ichha akang'amua. Kule Bishkek, mwanafunzi aliokota karatasi ya swali mezani, akasimama mbele ya profesa na kumwaga yote anayoyajua; aliyefupisha alionekana mvivu. Mtihani wa leseni wa nchini kwao ulitaka tu achague jibu, naye kila swali akalihutubia kimoyomoyo, mpaka muda ukaisha kurasa za mwisho hajazigusa. Loo! Mwaka mzima amejiona mjinga, kumbe ni domo tu.

Tangu siku hiyo aliachana na video na darasa. Akabaki na maswali, na mama yake mbele yake akimenya vitunguu saumu. Mama hakuelewa hata nusu ya yaliyosemwa. Kazi yake ilikuwa kupiga sinia kwa mwiko kila Ichha alipozidisha maneno.

"Lakini mama, hapa kuna jambo la kuongeza..."

Paa! "Utamwongezea mgonjwa. Swali lingine!"

Siku ya matokeo, Ichha alisoma jina lake kwenye simu, akalisoma tena, akaketi sakafuni akilia na kucheka kwa pamoja. Amefaulu! Mzigo wote ulimtoka kifuani. Akapiga simu hospitalini, wakamwambia aje mwezi ujao, wanamsubiri. Kisha akajitupa kitandani na viatu vyake, mchana kweupe.

Mashangazi walipofika na mashada ya maua na vyombo vya peremende, wakishindana kwa vigelegele, mama yake aliwazuia mlangoni.

"Shhh! Wekeni hapo, mrudi jioni," alinong'ona. "Daktari amelala."