Shikamoo ya Kulwa
Nalala kidogo tu, saa nane mchana, mkekani kando ya pacha wangu Kulwa, aliyenitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi, na kwa dakika hizo kumi nimemwamkia shikamoo maisha yangu yote, maana kwetu ndivyo, Kulwa ni mkubwa na mimi Doto ni mdogo wake. Kesho anasafiri kwenda kusoma ng'ambo, mimi nabaki na mama. Nina wivu, sifichi. Nafumba macho na mkeka unakuwa barabara, barabara isiyo na mwisho, na Kulwa yumo ndani ya chombo cha angani kinachokimbia karibu sawa na mwanga, ananipungia mkono polepole, polepole mno, kama mtu aliye ndani ya maji. Kando yangu yupo mwongoza njia asiye na uso. Saa yake inakwenda taratibu kuliko yako, ananiambia, atarudi kijana akukute mzee. Na yeye kule dirishani, namuuliza, si anaiona yangu ndiyo inayojikokota? Anaiona hivyo hivyo. Basi kwa nini nizeeke mimi? Njia mbili zinaachana na kukutana, anasema, iliyopinda ndiyo yenye saa chache. Sikuelewi, bwana we! Ananyoosha kidole, na mbali kabisa naona chombo kinageuza. Mwenzako amegeuka, wewe hujageuka popote, ndiyo tofauti yenu yote. Naingia mji wa vioo, na kila kioo kina mimi, nikimlisha mama uji, nikimfulia mama, nikiota mvi, na kila nikirudi kioo cha kwanza mama ananiuliza, Kulwa hajafika? Hata siku moja haniulizi kama nimekula.

Chombo kinatua. Kulwa anashuka na ngozi yake ya miaka ishirini na mbili, mimi nina sitini, na anapiga goti mbele yangu. Shikamoo, dada. Nimelitamani neno hilo tangu utotoni, na sasa linanichoma. Usiniamkie, napiga kelele, nirudishie miaka yangu! Miaka ipi, Doto? Mimi nimeondoka juzi tu. Najua hasemi uongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nazinduka. Kando yangu mtu amejifunika khanga gubigubi, anapumua. Unalia nini? ananiuliza humo humo ndani, na sauti ni ya Kulwa, lakini sijui ni Kulwa wa kabla ya safari au wa baada yake, na mikono yangu mwenyewe naogopa kuitazama. Nashika upindo wa khanga. Kabla sijauvuta naomba, Mungu anisamehe, nimkute na mvi.