Kibali cha Jezi

Jumapili moja ya Septemba mwaka 1990, baada ya chakula cha mchana, Libérat alikaa barazani kwake Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, akichambua maharage ya mbegu. Mkewe, Joséline, alikuwa uani akisugua sufuria kwa majivu. Kwenye kamba zilikuwa zimebaki nguo za jana: shuka mbili, kitenge, na jezi ambayo Libérat aliipata parokiani kutoka kwenye robota la mitumba ya Italia. Ilikuwa ya bluu, imezungushwa kifuani mistari ya rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi, na katikati ya mistari hiyo palikuwa na ngao ndogo yenye msalaba.

Saa nane na dakika chache jezi ilijichomoa kwenye vibanio, ikashuka, ikajikung'uta, ikashika barabara ya kwenda getini. Ilikwenda kwa kimo cha kifua cha mtu mzima, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka lakini asiyetaka kuchelewa.

"Baba Aline, jezi yako inaondoka," alisema Joséline.

"Naiona. Labda inakwenda kwao."

"Haijakauka makwapani."

"Itakaukia njiani."

Ilirudi Jumatatu asubuhi ikiwa na majani mabichi kwenye kiwiko, imelowa jasho la mtu mwingine. Joséline aliifua akaianika tena. Jirani yao Arcade, aliyekuwa na redio na aliyefuatilia mipira ya Ulaya yote, alikuja kuikagua, akageuza ngao ile huku na huku, akasema hiyo ni Sampdoria, timu ya mji wa Genova, na kwamba tangu iundwe haijachukua ubingwa wa Italia hata mara moja.

"Basi ina kazi," alisema Libérat.

Tangu siku hiyo jezi ilikuwa inatoka kila Jumapili, isipokuwa zile ambazo hapakuwa na mechi. Watu waliizoea. Wenye baiskeli waliipigia kengele, nayo ilisogea pembeni. Wanakwaya waliokuwa hawana saa walianza mazoezi ilipopita. Matokeo nayo yalijulikana kabla redio haijasema. Mwezi wa Novemba, Sampdoria walipofungwa na wapinzani wao wa mji huohuo, ilirudi imekunja mikono kifuani na ilikataa kukauka kwa siku tatu, ingawa jua liliwaka. Lakini siku kama hizo zilikuwa chache. Ilipofika masika, Arcade alianza kuingia uani Jumatatu asubuhi bila kubisha hodi.

"Nyie mnaongoza!" alisema.

"Sisi nani?" aliuliza Joséline.

"Nyie wa jezi."

Libérat alicheka, lakini ndani yake alipenda kuambiwa hivyo. Alikuwa ameingia nchini mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, akiongozana na mama yake tu, kwa sababu baba yake alibaki Burundi kwenye shimo walimozikwa watu wengi. Alipewa shoka na jembe. Msitu uliokuwa hapo aliufyeka, na mahindi yaliyoota mahali pake yalipakiwa kwenye treni Mpanda na kuliwa na watu wa miji ambayo hakuwahi kuiona. Mtu wa Mishamo hakutoka nje ya makazi bila kibali chenye muhuri, sababu ya safari na siku ya kurudi. Binti yake Aline alitoka kwa kuolewa. Aliishi Shanwe, mjini Mpanda, na mumewe Ponsian, aliyefanya kazi stesheni.

Mwezi wa Aprili Aline alijifungua mtoto wa kiume. Ubatizo ulipangwa Jumapili ya Pentekoste, tarehe kumi na tisa Mei, na Libérat alitakiwa kwenda kumpa mtoto jina la marehemu baba yake, kwa kuwa babu ndiye anayelibeba jina na kulikabidhi. Alivaa viatu akaenda ofisini.

Karani Sylvanus alikuwa mtu mstaarabu mwenye mwandiko mzuri. Alimkaribisha kiti.

"Sababu ya safari?"

"Ubatizo wa mjukuu wangu."

Sylvanus alipitisha kidole kwenye orodha yake. "Ugonjwa upo. Msiba upo. Ubatizo haumo, mzee wangu. Nitalipeleka ombi juu, utajibiwa."

"Lini?"

"Litajibiwa." Kisha akavuta daftari lingine. "Kuna jambo jingine. Jezi yako inatoka kila Jumapili bila kibali. Lyamba wa getini amekuwa akiiandika."

Libérat alijua mtu aliyelala rumande wiki mbili kwa kwenda kununua msumeno bila kibali.

"Jezi yenyewe imetoka wapi?" aliuliza Sylvanus.

"Italia."

Karani alishusha pumzi, akatabasamu. "Mbona hukusema mapema? Hiyo si mkimbizi. Ni mgeni." Alichukua fomu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: kutoka na kurudi, siku yoyote, njia yoyote, mwaka mzima. Mahali pa sababu alipiga mstari. Akagonga muhuri. "Utuombee radhi kwake kwa kuchelewa."

Joséline aliisoma karatasi hiyo mara mbili akiwa jikoni.

"Ivae," alisema.

Kwa hiyo asubuhi ya Pentekoste Libérat aliivaa jezi, akapanda nyuma ya lori la mahindi lililokuwa linakwenda Mpanda. Getini Lyamba aliwashusha abiria wote, kama kawaida yake. Walikuwa wanafahamiana, Lyamba alikuwa akinunua maharage kwake. Alikisoma kibali hadi mwisho.

"Hiki ni cha jezi."

"Ndiyo. Mimi nimo ndani yake."

"Nakuona. Lakini hakisemi chochote juu ya aliyemo ndani."

"Lyamba, ni mjukuu wangu wa kwanza."

"Najua, mzee. Nilifurahi sana niliposikia." Na kweli alikuwa amefurahi, ilionekana usoni. "Jezi ipite. Wewe ivue."

Dereva aliungurumisha lori lake. Libérat akaomba kalamu. Lyamba alimpa kalamu, akachana pia ukurasa wa daftari la getini, akachomoa pini kwenye mfuko wa sare yake. Libérat aliandika *Ntahombaye*, jina la baba yake, akalibana kwa pini ndani ya shingo ya jezi, akaivua. Jezi haikupanda nyuma juu ya magunia. Ilikaa mbele, karibu na dereva, kwa kuwa ilikuwa na kibali.

Alirudi nyumbani kifua wazi, akisalimiana na watu waliokuwa wanakwenda misani. Joséline alikuwa ameshamtolea shati jeupe. Walikwenda kanisani, na katika wimbo wa Roho Mtakatifu Libérat aliimba kwa sauti kubwa hata mwalimu wa kwaya akageuka kumtazama.

Jumatatu Arcade alikuja mbio na redio mkononi. Sampdoria wameifunga Lecce mabao matatu kwa sifuri. Ni mabingwa wa Italia kwa mara ya kwanza. Misa ya Mpanda ilikuwa saa nne asubuhi, mpira saa kumi na moja jioni kwa saa za hapa. Muda ulikuwa unatosha.

Jezi ilirudi karibu saa sita mchana, ikitembea polepole. Joséline aliipokea, akainusa.

"Kifuani mvinyo," alisema. Akanusa bega la kushoto, penye doa jeupe lililokauka. "Hapa maziwa."

Kwenye pini palikuwa na karatasi nyingine, yenye mwandiko wa Aline. *Baba, ameitwa Ntahombaye. Jezi ndiyo iliyompakata. Hakulia hata padre alipommwagia maji.*

Libérat aliivaa bila kuifua. Wiki ile yote aliivaa shambani na sokoni, na watu walimpa mkono, wengine kwa ajili ya ubingwa na wengine kwa ajili ya mtoto, naye hakuwauliza ni kwa ajili ya lipi.

Mwisho wa Agosti aliitwa ofisini. Ombi lake lilikuwa limerudi: ubatizo uliotajwa umekwisha kufanyika, kwa hiyo safari haina sababu. Sylvanus alimsomea kwa upole. Halafu akampa kibali kipya cha jezi, kwa msimu mpya, alichokiandaa mwenyewe bila kuombwa. Libérat alitia sahihi kwa niaba ya jezi, akamshukuru.

Nyumbani alikuta barua ya Aline. Aliandika kwamba mtoto ameanza kukaa mwenyewe, anawekewa mto nyuma tu, na kwamba kila apitapo mtu aliyevaa nguo ya bluu, ananyoosha mikono abebwe.

Libérat aliisoma kwa sauti ili Joséline aisikie. Kisha wakakaa chini wote wawili, wakaanza kupukuchua mahindi.