Paka Aliyeitwa Wifi

Muuguzi wa chumba cha vidonda hakuwa na subira na kiumbe chochote kinachokula bila kufanya kazi. Paka wa ngazini ndio walioongoza orodha yake, mbwa koko wa jalalani wakafuata, na dada wa mumewe alikuwa mahali fulani hapo katikati.

Dada huyo alikuja kwa wiki mbili baada ya mume wake mwenyewe kumwacha. Wiki mbili zikawa mwaka. Aliingia na begi moja na macho mekundu, akapiga kambi kwenye kochi la sebuleni, na kabla hajajua swichi ya choo iko wapi alikuwa ameshafahamiana na paka wote wa jengo. Walikuwa wanne, kila mmoja na upele wake. Walilala juu ya mita za maji na kumkagua kila apandaye ngazi kana kwamba wao ndio wenye jengo na wapangaji ni wageni waliochelewa kuaga.

Kuwafukuza ilikuwa kazi ya watu wote, ndiyo maana hakuna aliyeifanya. Mama wa ghorofa ya tatu alilalamikia harufu huku akiwatupia ngozi za kuku. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza aliwaita wadudu, na jioni ungemkuta amempakata mmoja wao. Wanafiki watupu. Naye mume wa muuguzi, fundi lifti ambaye lifti ya jengo lake mwenyewe ilikuwa imekufa miezi saba, kila akiulizwa habari za paka alisema ataliangalia hilo suala. Ndivyo alivyosema kuhusu lifti pia.

Kazini muuguzi alishinda akiosha majeraha ya meno. Walimjia watu wazima na akili zao, wakichechemea, wakimweleza kwamba walikuwa wanampa tu yule mbwa kipande cha mkate. Aliwachoma sindano bila kuwapa pole. Pole zake alikuwa amewawekea walioanguka bafuni.

Asubuhi moja alikuwa ananawa uso, povu limemjaa hadi kope, aliposikia sauti ya dada mtu huko nje.

"Wifi, njoo ule. Acha kununa, mwenzio nimeshakuwekea."

"Sili," akajibu kwa nguvu. "Nimechelewa kazini."

 Kisha mama wa ghorofa ya tatu akaangua kicheko mpaka akakohoa. Muuguzi akatoka na povu lake, akaona. Dada mtu alikuwa amechuchumaa ngazini na sahani, na mbele yake paka wa kijivu, mpana wa kifua, alikuwa anakula huku amempa mgongo, bila hata kumtupia jicho la shukrani. Wale wengine walikuwa Mjomba, Shangazi na Bwana Harusi. Huyu wa kijivu ndiye Wifi.

 Alijifuta povu, akaenda zake kazini, na waliochomwa sindano siku ile walizisikia.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya mwenye nyumba, imepitishwa chini ya mlango wao. Mpangaji anayelisha paka ngazini awaondoe kabla ya Ijumaa, ama ahame pamoja nao. Mume akasema ataliangalia. Dada mtu akalia kidogo, akasema paka si wake, ni wa jengo, ila hawezi kuwanyima chakula viumbe waliomzoea. Muuguzi akafyonya kimoyomoyo. Mtu hana mbele wala nyuma, analala kwenye kochi la wenzake, halafu yuko radhi wenye kochi watupwe nje kwa ajili ya paka shume.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akamwandikia dada mtu orodha ndefu, akamtuma soko la mbali. Kisha akampigia simu mkamata wanyama wa manispaa, mteja wake wa siku nyingi pale chumba cha vidonda. Bwana yule akafika na vizimba vinne na glavu nene. Muuguzi hakumuuliza anawapeleka wapi. Alijua fika, na sindano ya huko aliijua pia.

Mjomba na Shangazi walinaswa kwa vichwa vya samaki. Bwana Harusi aliingia mwenyewe, mjinga yule. Wa kijivu akabaki juu ya mita, akawatazama kwa dharau, asijali samaki wala miluzi.

"Huyu anasubiri sauti," mkamata wanyama akasema, akivisogeza vizimba kwenye kona nyuma ya muuguzi. "Ana jina?"

Muuguzi akajitia hajasikia. Akaulizwa tena. Akachungulia juu, akachungulia chini, hakuona mtu. Basi akaishika sahani na kuilainisha sauti, ikawa laini kuliko mumewe alivyowahi kuisikia tangu fungate.

"Wifi," akaita. "Wifi yangu, njoo ule."

Paka akageuza kichwa. Akashuka taratibu, akajisugua kwenye mguu wake, na glavu zikamdaka. Mlango wa kizimba ukafungwa.

"Nakuja, wifi," sauti ikaitika kutoka chini.

Miguu ikapanda haraka haraka. Dada mtu alikuwa ameisahau ile orodha mezani, amerudi kuifuata. Akatokeza kwenye kona ya ngazi anahema, vikapu vitupu mkononi, uso umemchangamka namna ambayo haukuwahi kuonekana nyumbani mle.

"Mwaka mzima," akasema, "hata siku moja hujaniita wifi. Wala kuniita nile. Nikasema labda masikio yangu."

Nyuma ya muuguzi paka akalia ndani ya kizimba. Muuguzi akajisogeza kumkinga asionekane. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nakuita wewe."

Dada mtu akaitazama ile sahani. Kilikuwa kimebaki kichwa kimoja cha samaki, cha jana.