Mutura wa Mzee Ndung'u

Mpiga besi ni mtu wa kuhurumiwa, na mimi niliyepiga gitaa kando yake miaka sita nasema hivyo bila kumwonea. Watu wakija dansini humtazama mwimbaji. Wakimchoka mwimbaji walinitazama mimi. Wakinichoka mimi, jambo ambalo lilitokea kwa nadra sana, walimgeukia mwenye tarumbeta. Macharia wetu alisimama nyuma na lile fidla refu kuliko mtu, amelikumbatia, akilidonoa kwa vidole, na msichana akimkanyaga mguu hakuomba radhi kwa sababu hakujua kama hapo pana mtu.

Tulijiita Ndarugu Jazi. Tulikuwa watano, wote vibarua wa viwanda vya Thika. Mimi, Nicanor Odhiambo, nilikuwa napanga mikebe ya nanasi. Macharia alifanya kazi ya ngozi, na alinuka kazi yake. Besi aliipata kwa mpishi wa mzungu mmoja aliyerudi kwao mwaka wa hamsini na tatu. Mzungu aliiacha, mpishi hakujua ni kitu gani, kuku wakaanza kutaga ndani. Macharia alitoa ngozi mbili za ng'ombe, akawahamisha kuku, akaziba tundu kwa kipande cha ngozi. Karani mmoja Mgoa aliyepiga fidla kanisani ndiye aliyemfundisha vidole. Ndiye pia aliyemwambia kwamba nyuzi za besi hutengenezwa kwa matumbo ya kondoo.

Ningependa huyo karani angenyamaza.

Kuanzia hapo, uzi ukikatika, Macharia hakungoja dukani Nairobi waagize ng'ambo. Alitafuta matumbo, akayakwangua, akayaloweka kwenye maji ya chokaa, akayasokota yangali mabichi, kisha akayatundikia mawe nyuma ya nyumba yetu yakauke siku saba. Wapangaji wenzetu walihama. Uzi mwembamba ulitaka kondoo mmoja. Ule mnene wa chini kabisa, unaonguruma mpaka ukausikia kwenye mbavu, ulitaka kondoo watatu, na wote wawe wamechinjwa siku moja, maana utumbo wa jana na wa leo haushikani.

Sasa niambie, ni wapi Thika utapata matumbo ya kondoo watatu kwa siku moja? Kwa wachinjaji yalikuwa yameshikwa na wauza mutura tangu alfajiri. Kwa asiyejua, mutura ni utumbo uliojazwa nyama na damu, ukafungwa, ukachomwa. Na mzee wa Kikuyu unaweza kumnyang'anya kofia akakusamehe, lakini si mutura.

Uzi mnene ulikatika mwaka wa hamsini na tisa, mwezi wa nane, siku tisa kabla ya dansi kubwa kuliko zote tulizowahi kualikwa. Na kesho yake, Jumamosi, tulikuwa twende Ruiru kumposea huyo huyo Macharia mke.

Msichana aliitwa Mumbi. Alikuwa anafundisha watoto wa vibarua kusoma katika shamba la kahawa ambako babake, Mzee Ndung'u, alikuwa nyapara. Alikuwa msichana wa maneno machache, na Macharia alimpenda kiasi cha kuoga mara mbili kwa siku. Tatizo lilikuwa Mzee Ndung'u. Aliwahi kupita kwenye dansi yetu moja akasimama mlangoni, na tangu siku hiyo akawa na neno lake moja.

"Yule wa gitaa naona kazi yake," alisema. "Yule wa ngoma naona. Lakini huyu kijana anashikilia wenzake kabati. Mimi nitapea msichana mtu wa kushikilia kabati?"

Alikubali tu tuje tuongee, kwa vile Mumbi alikuwa amekataa wanaume watatu na mamake alianza kuwa na wasiwasi. Lakini kuongea si kukubali. Macharia alijua kwamba siku hiyo ndiyo itakayoamua, na usiku mzima hakulala.

Tulifika na mzee Kagwe, amu yake Macharia, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Tulikuwa na kondoo wawili, kibuyu kikubwa cha pombe ya muratina, na barua ya chifu ya kuturuhusu kukusanyika, maana siku hizo za hali ya hatari watu hawakukusanyika bila ruhusa. Mimi nilikuwa na gitaa langu kwenye mfuko wake, kwa ajili ya kuchangamsha. Mzee Ndung'u akaongeza kondoo wake mmoja, wanaume wakachinja watatu wote nyuma ya nyumba.

Nilimwona Macharia anavyoyatazama matumbo yakiwekwa kwenye karai. Kweli tupu, sijawahi kuona mtu akitazama kitu hivyo. Mumbi naye alimwona. Yeye alikuwa ameshapata habari ya uzi, maana Macharia alimwandikia barua kila wiki na hakuwa na habari nyingine. Akaliinua karai kichwani, akaenda mtoni kuosha.

Baadaye nilishuka mtoni kunawa vumbi miguuni, gitaa langu mgongoni. Nikamkuta amemaliza. Alikuwa amefunga kitu kwenye majani ya mgomba, safi, kama mtu anayetuma zawadi.

"Nico," akasema, "mpelekee Macharia. Lakini usimpe hapa. Mpe Thika."

"Hii ni nini?"

"Unajua ni nini."

"Mumbi! Na wazee?"

"Wazee watakula jioni, kesho wamesahau. Yeye atapigia hiyo mwaka mzima. Weka kwa gitaa."

Mimi si mtu wa kubishana na mwalimu. Nililitoa gitaa, nikauweka mzigo chini kabisa ndani ya mfuko, nikalirudisha gitaa juu yake. Mumbi akapanda nyumbani na karai tupu, akatangaza kwamba mbwa amebeba kila kitu.

Kelele zilizofuata nisingependa kuzisikia tena. Mbwa wa nyumba hiyo aliitwa Simba, mzee, haoni vizuri, na alikuwa amelala mlangoni tangu asubuhi. Akafungwa kwa mnyororo hapo hapo. Kulikuwa na mzee mmoja asiye na meno, jirani, aliyekuja kwa ajili ya mutura tu kwa sababu nyama nyingine zilimshinda. Huyo alikaa chini akashika kichwa.

"Atĩ nini?" Mzee Ndung'u aliuliza. Wenzake aligombana nao kwa Kikuyu, lakini sisi wageni wa bendi alituhurumia akagombana kwa Kiswahili cha nyapara. "Kondoo tatu, mutura hakuna? Sasa wazee wataongea na mdomo kavu? Hapana. Rudini baada ya wiki mbili."

Mzee Kagwe alijaribu kubembeleza. Haikusaidia. Tukarudi Thika bila jibu, Macharia akitembea kama mgonjwa. Nilipompa ule mzigo alikaa kitandani, akaufungua, akaanza kulia na kucheka pamoja. Mimi nilikuwa na shida zangu, maana gitaa langu lilinuka mwezi mzima.

Uzi ulikauka Jumamosi iliyofuata, na Jumapili tukapiga. Dansi wakati huo zilianza saa nane mchana, watu walikuwa wamezoea kufurahi jua likiwaka kwa sababu ya amri za kutotembea usiku. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Na nitasema lililo la kweli hata kama linaniuma: siku hiyo hakuna aliyenitazama mimi. Uzi ule ulinguruma mpaka vumbi likadondoka darini. Wanawake walikuja kusimama mbele ya besi wameweka mikono tumboni, wakisema wanaisikia ndani. Macharia alifumba macho, jasho linamtiririka, akapiga jazi ambayo sijui aliitoa wapi. Nilimwonea wivu na nikajivunia yeye, yote mawili.

Shida ni kwamba mtu akisifiwa huongea. Mmoja alimwuliza uzi huo wa duka gani, naye Macharia, asiyejua kusema uongo, akasema ni kondoo watatu. Thika si mbali na Ruiru. Siku ya Jumatano ujumbe ulifika kutoka kwa Mzee Ndung'u: njooni Jumamosi, na mje na hiyo kabati.

Tuliipandisha gari moshi, na mwenye tiketi alitusumbua njia nzima akitaka kujua kama hiyo ni abiria au ni mzigo. Tulipofika, wazee walikuwa wamekaa tayari uani. Macharia akaisimamisha besi katikati yao. Mzee Ndung'u akaizunguka mara mbili, mikono mgongoni, kama anayekagua kahawa.

"Hii ndio mutura yangu?"

"Ndiyo, baba," Macharia akasema.

"Yote?"

"Yote, baba. Ni huu uzi mmoja tu."

Mzee asiye na meno aliinuka, akasogea polepole, akaushika uzi, akaunusa, halafu akatoa ulimi akauramba.

"Hata chumvi hawakuweka," akasema kwa uchungu, akarudi kukaa.

"Piga," Mzee Ndung'u akaamuru.

Macharia aliuvuta mara moja. Ile sauti ilipita kwenye ardhi, ikapanda kwenye vigoda, na nikaona wazee wakitazamana. Mzee Ndung'u aliweka kiganja kifuani pake akakiacha hapo kwa muda.

"Nilikuwa nasema ni kabati," akasema. "Nilikosea. Iko na kazi. Lakini wewe ni mwizi."

Mzee Kagwe akasimama haraka. Akasema tutaleta kondoo wengine watatu, tena wanono, wachinjwe kesho, na mutura wote uwe wa wazee wa hapa.

"Si maneno ya kondoo, Kagwe. Mtu ameiba kwa nyumba siku ya kwanza ya kuingia. Siku ya pili ataiba nini? Msichana yangu hataenda kwa mwizi. Nimemaliza."

Nikamtazama Macharia. Angeweza kujiokoa kwa neno moja tu. Lakini alijua kwamba neno hilo lingemwangukia Mumbi, binti aliyewanyima wazee chakula chao siku ya posa yake mwenyewe, na aibu hiyo ingemfuata kila nyumba. Akainamisha kichwa. Mimi niliyebeba mzigo nilikuwa nahesabu vidole vya miguu yangu. Nasema wazi, niliogopa.

Mumbi alitokea jikoni na kibuyu cha uji. Alikuwa amesikia yote. Akakiweka chini.

"Baba, si yeye. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye nilichukua. Simba hajakosa, hata hakuamka. Macharia hakuniambia nichukue. Hakujua mpaka alipofika Thika."

Mamake alisema "Ngai!" huko mlangoni. Mzee Ndung'u akauliza, "Sasa nani alibeba?"

Macho ya kila mtu yalinifikia.

"Nilishangaa siku hiyo," Mzee Ndung'u akasema, "mbona gitaa ya huyu Mjaluo inafuatwa na nzi."

Wazee wakaangua kicheko, hata yule asiye na meno. Mzee Ndung'u mwenyewe hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Kwa nini, Mumbi? Ungeniomba."

"Ungekataa, baba. Nilimwona amekaa hapo, uso umeanguka, na kitu yenye anataka iko kwa karai yangu. Nikashindwa."

Mzee Ndung'u akaketi. Nilimwona amezeeka hapo hapo mbele yetu. Alipoongea tena hakuwa na ile sauti ya nyapara.

"Huyu mtoto tangu azaliwe hajachukua kitu ya mtu. Hata sukari. Mamake anaweza kusema. Leo ametoa nyama kwa mdomo ya babake akapelekea kijana." Akamgeukia mzee Kagwe. "Sisi tunabishana juu ya nini, rafiki yangu? Huyu ashaenda. Alienda ile siku, na mimi bado nafunga mlango kila jioni nikidhani yuko ndani."

Hakuna aliyecheka sasa. Mzee Kagwe akachukua pembe, akaijaza muratina, akampa Mumbi, naye Mumbi akapiga magoti akampa babake. Kwao hapo kuna swali ambalo baba humwuliza binti mbele ya watu. Binti akimkataa mchumba, pombe humwagwa na wageni huenda zao.

Mzee Ndung'u aliishika ile pembe kwa mikono miwili.

"Mumbi. Hii pombe ya hawa watu, nikunywe?"

Alijua jibu. Sote tulilijua. Lakini alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka aambiwe hapana.

"Kunywa, baba," Mumbi akasema.

Akanywa yote.