Uzito wa Sindano

Mlimwona. Msiniambie hamkumwona. Mwanamke mzima amesimama katikati ya duka la vyombo vya muziki, amekumbatia santuri kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, nanyi mkageuza shingo kutazama televisheni. Kazi hiyo ya kugeuza shingo mnaijua tangu zamani. Malori yalipokuja kuwazoa wafumaji waliogoma, mlifunga madirisha, mkasema kuna vumbi.

Mumewe alikuwa ndani ya lori mojawapo. Hakurudi yeye, wala haikurudi maiti yake. Ilibaki sauti: wimbo wa kwaya ya kiwanda uliorekodiwa kwenye santuri, yeye akitangulia, wenzake wakiitikia. Askari walizivunja santuri hizo kwa magoti, nyumba hadi nyumba. Hii ilipona ndani ya mto wa kulalia. Pleya haikupona. Tangu siku hiyo mjane huyo hakumsikia tena mumewe.

"Mama, tuchukue hii," binti yake alisema, akionyesha pleya ya sanduku, nyekundu kama pipi. "Inapendeza, na spika zimo humo humo."

Muuzaji alikohoa. "Kupendeza inapendeza, dada. Ila hiyo haipigi santuri, inailima. Mkono wake wa sindano mzito, na hauna pa kuupunguzia." Akawavuta hadi kwenye pleya nyeusi isiyo na madaha, akazungusha kipande cha chuma kilicho nyuma ya mkono wake. "Hii unaipimia uzito. Sindano inakanyaga kama paka mwizi."

"Paka wangu mimi anakanyaga kama mkwe wangu," mjane alisema, na binti akacheka bila kutaka. "Haya, nipe ya huyo paka wako."

"Nimeshakupimia, mama. Usiuguse tena uzito huo."

Nyumbani sindano ilitua, kwaya ikaingia, na pale pale mume alipovuta pumzi aanze, mkono ukaruka. Akaurudisha. Ukaruka tena. Santuri ilikuwa na kovu.

Mjane hakubabaika. Kule kwenye nyumba za kiwanda kila mfumaji alijua dawa ya sindano inayoruka: pete ya chuma ya mtambo wa kufumia, unaiweka juu ya kichwa cha mkono, sindano inatulia. Alikuwa nazo kwenye kopo la vifungo. Akaweka moja. Mumewe akaimba.

Nani angemlaumu? Alimwimbisha akiosha vyombo, akamwimbisha akikunja nguo, akamwimbisha akiwa hana la kufanya. Siku zilivyokwenda, sauti ikawa ya mtu anayezungumza huku akiondoka. Akadhani ni masikio, kwani uzee haubishi hodi. Kisha akadhani sindano haishiki vizuri, akaongeza pete ya pili.

Binti alipokuja kumtembelea alisikiliza, akainama, akapitisha kidole chini ya sindano. Kikatoka cheusi tii kwa unga wa santuri.

"Mama, umeweka nini hapa?"

"Dawa yetu. Baba yako mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

Binti alikitazama kidole, akatafuta kitambaa.

"Usikipanguse," mama alisema.

Wakakaa hivyo, mkono wa mmoja ndani ya mkono wa mwingine, huku santuri ikizunguka na kuvuma kama mvua kwenye bati la jirani. Magoti ya askari yalishindwa kummaliza mtu yule. Mkewe amemmaliza, kwa kumpenda.

Sasa nisikilize wewe uliyegeuza shingo dukani. Wafumaji walizigawa santuri zile mkono kwa mkono mlangoni mwa kiwanda, na si zote zilizovunjwa. Baba yako alipokea, akaogopa, akaficha, akafa hajasema. Usiniambie "masikini", usitikise kichwa. Inuka sasa hivi, pekua juu ya kabati, pasua hata godoro. Ukiipata usiijaribu kwenye pleya yako. Mpelekee, angali ana masikio.