Hori ya Kina Mama

Nilipoanza kukodisha kayaki, waliokuja walikuwa wazungu na vijana wa Dar wa kupiga selfi. Siku hizi wateja wangu wakubwa ni kina mama wa Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, wenye presha na sukari. Daktari kawaambia wafanye mazoezi, na wakikimbia barabarani watoto wanawazomea. Kwenye kayaki mtu anakaa kitako kama yuko barazani kwake, anapiga kafi, presha inashuka.

Ila hawataki kuonekana. Buibui linasumbua kwenye kafi, kwa hiyo wanalivua, wanabaki na suruali na fulana. Ndiyo maana walijichagulia hori moja, mkono wa maji ulioingia ndani ya mikoko, jirani na mdomo wa mto Ruvu, mahali pasipopita mtu. Nikawaeleza, na diploma yangu ya uvuvi, kwamba watu hawapiti pale kwa sababu ya viboko.

Bi Mwaija, mkubwa wao, akacheka. "Mwanangu Kombo, kiboko akiniona hatakwenda kunisema sokoni."

Masharti yao: mimi nikae kwenye mlango wa hori, ndani ya kayaki yangu, niwape mgongo. Wakipata shida watapiga filimbi. Mwezi uliopita nilisikia kishindo nikageuka, kumbe Bi Mwaija katumbukia tu, anacheka. Habari zilifika mjini kabla yangu. Mke wangu alininunia siku tatu.

Jumamosi asubuhi waliingia saba. Wa mwisho dada yangu, Hafidha.

"Kaka, macho baharini!"

"Shingo yangu imeshaota kutu upande huu," nikamjibu.

Wakapotelea mikokoni. Maji yalikuwa yanatoka kuelekea baharini. Nikawa nawasikia wanavyomsema mkwe wa mtu, wanacheka mpaka wanakohoa. Mara ndege weupe wakaruka wote kwa pamoja, wakapita juu ya kichwa changu. Na kile kicheko kikakatika, pale pale.

Nikasubiri filimbi. Hakuna.

"Hafidha?"

Nikawaza, kama wanafunga mitandio tu, leo nitasemwa mpaka Kerege. Nikakaa. Mpaka leo sijui nilikaa muda gani.

Kafi moja likaja likielea, peke yake, likagonga kayaki yangu.

Nikageuka, nikaingia ndani.

Sita walikuwa kwenye kayaki zao, wameng'ang'ania mizizi ya mikoko, vichwa wazi, hakuna anayejali kujifunika. Hafidha alikuwa na filimbi mdomoni lakini hapulizi. Akanionyesha kwa macho. Ng'ambo ya pili Bi Mwaija amesimama, maji ya kiuno, kayaki yake imepinduka. Kati yake na wenzake, juu ya maji, masikio mawili madogo na pua.

"Tukipuliza atamrukia," Hafidha akanong'ona.

"Kombo," Bi Mwaija akasema polepole, "usinitumbulie macho, baba. Fanya kitu."

Kiboko akazama.

Vipovu vikaanza kupanda, mstari mmoja, kuelekea kwa Bi Mwaija. Nikainua kafi langu nikayapiga maji kwa nguvu zote, paa, paa, paa, huku napiga ukelele.

"Panda mizizi, mama! Panda!"

Vipovu vikasimama. Bi Mwaija akashika mzizi, goti likateleza, akashika mwingine, akapanda.

Kisha vipovu vikaanza tena, na sasa vilikuwa vinakuja kwangu.